Waya juu ya Pengo la Sahani

Mimi ndiye niliyeutia umeme ukuta ule. Naliandika hili mwanzo kabisa ili hata ukiishia hapa kusoma, uwe umeshalijua kosa na mwenye kosa. Si umeme uliorudi vibaya, si fundi wa pampu. Ni mimi, kwa mikono yangu na kwa nia yangu.

Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliishia kidato cha pili, na mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kununua barabarani na vya kuazima. Natengeneza redio, feni, cherehani. Kila ninachokifanya nakiandika kwenye daftari: siku, kipimo, matokeo. Mtaani wananiita Injinia, nusu heshima, nusu mzaha, nami kwa miaka mingi nimeisikia ile nusu ya heshima tu.

Tunakaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya urithi. Nyuma kuna ua mdogo unaopakana na ua wa jirani yetu, Bi Zuwena. Majina yote humu nimeyabadilisha. Kati ya nyua hizi mbili upo ukuta wa mawe na chokaa unaompita mtu kimo, isipokuwa pahala pamoja palipomomonyoka zamani, pakabaki usawa wa kifua. Marehemu mama yangu alipasawazisha kwa saruji pakawa kama rafu. Hapo ndipo sahani zinapopita. Sahani ya jirani kwetu haipiti mlango wa mbele, kule ni kwa wanaume na wageni. Inapita uani, mkono kwa mkono, na hairudi tupu. Mke wangu Salma na Bi Zuwena wamepitishiana sahani hapo miaka ishirini na mbili. Wenyewe wanapaita pengoni.

Wezi walipita hapohapo.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mimi nilikuwa msikitini kwenye tarawehe, kama wanaume wote wa mtaa, na wao walilijua hilo. Walikuwa wawili. Salma alikuwa uani anaosha vyombo. Mmoja alimpiga na kipande cha nondo kwenye taya, na pigo la pili likampata begani alipokwisha kuinama. Walichukua simu, mkufu na bangili. Bangili moja ilikataa kutoka, wakaivuta mpaka ngozi ya mkono ikaambuka.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini, ameegemea karo la kuoshea vyombo, anatema damu kiganjani na kuitazama. Jino lake moja lilikuwa ndani ya sahani ya Bi Zuwena, ile aliyokuwa akiiosha airudishe.

Hospitali walimfunga taya kwa waya, meno ya juu na ya chini pamoja. Alipotoka hakutaka kurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake, Michenzani, ghorofa ya nne. Akawa anazungumza kwa kupitisha maneno kati ya meno yaliyofungwa.

"Sirudi," aliniambia. "Mpaka ukuta ule uwe ukuta."

"Ntaliziba pengo kesho."

Akatikisa kichwa. "Ukiliziba, mie na Bi Zuwena tutaonana wapi? Fanya unavyojua. Si wewe Injinia?"

Basi nikawa na kazi mbili katika pahala pamoja: pengo lifungwe, na pengo libaki wazi. Nikizimaliza zote mbili, mke wangu anarudi. Sikuwa na shida nyingine duniani.

Nilifanya kazi siku tisa. Nilianza kwa kuichora nyumba kwenye karatasi, kila mlango na kila dirisha. Kufuli la kwanza nililolinunua Darajani nililifungua mwenyewe kwa bisibisi, nikalirudisha dukani, mwenye duka akacheka na kunipa jengine. Mlango wa mbele niliutia komeo la chuma. Madirisha ya chini niliyatia nondo. Nilifunga kamera mbili. Ya kwanza niliipandisha juu mno, ikawa inapiga picha kofia za watu, nikaishusha. Hayo yote niliyafanya vizuri, na mpaka leo yapo.

Ikabaki pengo. Vipande vya chupa sikuweza kuvitia, vingekata mikono ya wanawake wale. King'ora cha kuhisi mtu kilipigishwa na paka mara sita kwa jioni moja. Ndipo nilipofikia waya.

Kipo kifaa maalumu cha kazi hiyo. Nimesoma habari zake kurasa mbili nzima na nilielewa kila mstari. Kinampiga mtu mshituko, kisha kinamwachia, akimbie na asirudi tena. Kilipatikana, na niliweza kukinunua. Lakini mimi sikutaka mtu yule aachiwe. Nilitandaza waya mtupu juu ya pengo, kutoka upande mmoja wa ukuta mpaka wa pili, nikauunga na umeme wa nyumba vivihivi.

Ndani ya sanduku la waya mlikuwa na kibao cha bati cha rangi ya manjano, kimechorwa mkono na radi, chini yake neno HATARI. Maelezo yalisema kitundikwe pahala pa kuonekana. Nilikitia kwenye mtoto wa meza, ile droo ya chumbani, chini ya vitambaa. Mwizi akionywa hagusi, na mimi nilitaka aguse. Nilikuwa nikikaa uani baada ya futari nikimfikiria anavyoning'inia pale, meno yameumana kama ya Salma, na fikra ile ilinipa usingizi mzuri. Nakwambia wewe kwa sababu hata polisi sikuweza kulisema hili kwa ukamilifu wake.

Ili sahani ziendelee kupita, nilifunga taima, ile saa ndogo ya kuwasha na kuzima umeme. Saa nne usiku iwashe waya, saa kumi na moja alfajiri iuzime. Usiku ukuta, mchana pengo. Nilijisifu moyoni.

Bi Zuwena aliuona waya siku ileile. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na tatu, alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Injinia, ushatufanya wafungwa. Waya wa nini huo?"

"Wa king'ora tu. Ukiguswa unapiga kelele."

"Kelele za kumshinda marehemu mama yako akigomba?"

"Haziwezi kufika huko."

"Basi hicho si king'ora," akasema, akaondoka anacheka.

Mkesha wa Idi umeme ulikatika mtaa mzima. Ulikwenda saa tatu usiku, ukarudi saa nane. Nani Unguja asiyejua kukatika umeme? Nina mishumaa kila chumba. Katika daftari niliandika: "Umekatika 3.00, umerudi 8.00." Alfajiri, ninafunga vifungo vya kanzu niende kuswali, nikaandika mstari wa chini yake: "11.00, waya umezimwa." Sikwenda kuupima. Niliandika kwa kuwa saa ya ukutani, inayotumia betri, ilionyesha saa kumi na moja.

Taima ilikuwa haina betri. Ilikuwa inakula umeme uleule iliopewa iuchunge. Umeme ulipolala, nayo ililala. Ulipoamka, iliendelea kutoka pale ilipoachia, saa tano nyuma ya watu wote, ije kuuzima waya saa nne asubuhi. Mtoto wa skuli angeliona. Mimi nilikuwa na mistari miwili ya daftari, mmoja juu ya mwengine, kwa mkono wangu, na sikuona.

Salma alikuja saa tatu na robo asubuhi. Alivaa gauni jipya na mtandio wa kuficha taya. Alikagua kila kitu kimyakimya. Alilivuta komeo, akalisukuma, akalivuta tena. Alizitikisa nondo. Mwisho akanitazama, na midomo ikatabasamu juu ya yale meno yaliyofungwa.

"Hapa sasa pana mwanamme," akasema.

Sijapata kusikia neno tamu kama lile.

Tukatoka uani. Hata hatujakaa, sauti ikatoka upande wa pili. "Hodi pengoni!"

"Karibu!" Salma akajibu, akaharakisha.

Bi Zuwena alikuwa amepanda kigoda chake kama kawaida, maana ua wao uko chini, kichwa na mabega yanaonekana, hina mpya vidoleni. "Salma mwanangu, mkono wa sikukuu. Watu leo wanakula tambi, wewe nshakupikia uji wa ngano, mwepesi, uunyonye kwa mrija kama mtoto mchanga."

"Usinchekeshe, Bi Zuwena, ntakatika waya."

"Nyumba yenu hii waya kila pahala, mpaka mdomoni."

Akainama, akanyanyua sinia la chuma kwa mikono miwili, jagi la uji katikati. Akalileta pengoni. Ukingo wa sinia ukagusa waya.

Hakupiga kelele. Sinia lilianza kutetemeka, likagonga saruji haraka haraka, jagi likapinduka na uji ukamwagika kwenye mikono yake, na mikono haikuachia. Shingo ilikakamaa. Macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi. Nilisikia harufu ya nywele zinazoungua, halafu harufu nyingine ambayo sitaiandika.

Salma alikuwa hatua mbili mbele yangu, mikono ameshainyoosha amshike. Angemshika, wangekufa wote wawili. Nilimpiga. Sisemi nilimsukuma. Nilimpiga kwa kiwiko na nguvu zangu zote, kikampata pale pale kwenye taya, akaruka na kuanguka juu ya karo. Nilisikia mfupa. Kisha nikakimbilia swichi kuu. Ni hatua kumi na tisa. Nilikwisha kuzipima zamani.

Niliporudi pengo lilikuwa tupu. Bi Zuwena alikuwa ameanguka upande wake, sinia limeanguka upande wangu. Salma alikuwa anatambaa kuuelekea ukuta, damu inatoka katikati ya meno, anaita jina la jirani yake bila kuweza kufungua mdomo.

Wanawake wa mtaa waliingia kwa milango ya mbele, kwangu na kwa Bi Zuwena, wakawabeba wote wawili hospitali. Nje watoto walikuwa wanapita na nguo mpya. Mimi niliingia stoo, nikaitazama taima. Ilionyesha saa kumi na nusu alfajiri. Hapo nikaelewa yote.

Na nilipokwisha kuelewa, sikuwafuata hospitali. Niliufungua waya kutoka kwenye umeme, nikauunga na king'ora, nikaitia taima mfukoni. Nilifanya kazi safi, bila kutetemeka. Ndipo nikaenda.

Mtoto wa Bi Zuwena ni Khalfan, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, mpakizi wa bandarini. Alinikuta kwenye korido ya hospitali.

"Kitu gani kilichompiga mama?"

"Umeme ulirudi vibaya usiku," nikasema. "Labda na ile pampu yenu."

Pampu yao ya maji ilifungwa wiki moja kabla na fundi Haji, kijana mpole wa mtaa wa Ng'ambo, na waya wake ulipita juu ya ukuta uleule. Nilikuwa naijua kazi yake. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Idi pili, baada ya alasiri, Khalfan alimleta fundi Haji mtaani kwetu, amemkamata ukosi wa shati. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu. Alimpiga ngumi ya kwanza hapo mbele yangu. Fundi alipoinama akampiga goti la uso. Wakaongezeka wawili, watatu. Walimkanyaga mbavu, walimgonga paji la uso kwenye ukingo wa baraza niliyokalia, na damu ikarukia kanzu yangu ya sikukuu.

"Wallahi niliufunga vizuri!" fundi alikuwa analia. "Muulizeni Injinia. Injinia anajua, muulizeni yeye."

Wakaacha. Khalfan akanigeukia, anahema. "Enhe, Injinia. Kazi yake ikoje?"

Nikasema, "Mimi sijaitazama kazi yake."

Kwa siku ile ilikuwa kweli, sikuwa nimeitazama. Nimeishi kwa maneno yaliyopimwa, na hilo nalo nililipima. Wakamrudia. Jicho lake la kushoto mpaka leo linaona ukungu mtupu.

Siku ya tatu Salma alikuja kuchukua nguo zake, taya limefungwa upya. Alitaka vitambaa vya kujifutia mate, akavuta mtoto wa meza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikitoa kibao kile, akakigeuza mbele na nyuma, akasoma.

"Hiki kilikuwa kikae wapi?"

"Ukutani."

"Mbona hakikukaa?"

Ningeweza kusema nilisahau. Sijui kwa nini sikusema. "Nilitaka mtu aguse," nikamwambia.

Kisha akaondoka nacho, na nguo akaziacha.

Khalfan hakupiga hodi. Alinivuta kwa ndevu mpaka njiani. Alinipiga kwa kile kibao, kwa ubapa kwanza, halafu kwa ukingo, na kovu linaanzia sikioni linaishia mdomoni. Nilipoanguka aliuweka mkono wangu wa kulia juu ya baraza, palepale penye damu ya fundi iliyokauka.

"Huu ndio uliofunga?"

"Naam," nikajibu.

Akaukanyaga kwa kisigino mara tatu. Mtaa mzima ulikuwa nje. Hakuna aliyesema basi, hata mimi.

Maelezo ya polisi niliyatia saini kwa mkono wa kushoto. Kesi inaendelea na sikatai lolote. Kwa fundi Haji nilikwenda. Mama yake alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaufunga taratibu.

Bi Zuwena yuko hai. Amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, nyonga ilivunjika, anatembelea fremu. Alikubali kuniona mara moja.

"Habari za umeme sizitaki," alisema. "Mie nilikuuliza waya wa nini. Ulinijibu vipi? Hebu sema tena nisikie."

"Wa king'ora tu."

"Haya. Nenda."

Salma bado yuko Michenzani. Mlango wao ni wa ubao, una kufuli moja la kizamani ambalo mimi nalifungua kwa bisibisi. Nilimfuata kumwambia kuwa waya nimeutoa, nyumba haina hatari tena, arudi. Alitoka mpaka kwenye ngazi. Taya limeshafunguliwa, ila limepona upande, na maneno yake yanatoka yameinama.

"Wale walionipiga na nondo hawanijui jina," akasema. "Komeo lako linawazuia. Na wewe uliyemo ndani, n'kufungie nini?"

Akarudi ndani, nami nikashuka ngazi.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, pengine nawe umeibiwa, pengine nawe una mke anayeogopa. Funga kufuli, funga komeo, tia nondo, weka kamera usawa wa nyuso. Umeme mwachie aliyesomea, na umwambie akuonyeshe itakuwaje ukikatika na kurudi. Na kabla hujafunga kitu chochote ukutani, mwite jirani mbele yake umweleze kinafanya nini. Kikiwa ni kitu cha kumficha jirani, usikifunge. Hasira yako ngoja ipoe kwanza. Mimi yangu niliitandaza juu ya pengo nikaiita ulinzi, na aliyeigusa alikuwa ameleta uji.

Ijumaa iliyopita nilisikia mwiko wa mwashi upande wa pili. Khalfan alikuwa analiziba pengo kwa matofali. Sasa ukuta ni ukuta, kama Salma alivyotaka, na mwizi hapiti.

Sinia la Bi Zuwena liko kwangu, limeungua ukingo mmoja. Nimelisugua kwa mkono wa kushoto mpaka limeng'aa, isipokuwa pale. Halifai kurudi tupu, na nimekaa nalo miezi yote hii sijui nilitie nini.